Nimemtembeza Mama mji wake mwenyewe

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, nikasoma hapo hapo mpaka kidato cha nne, na mapango ya Amboni nilikuwa nimeyafika mara moja tu, darasa la sita, tukiwa tumejazana kwenye lori la shule. Tongoni kwenye magofu sijawahi kabisa. Mama ndiyo usiseme. Ana miaka 71, njia ya Amboni ameipita kila alipopanda basi la Mombasa kwenda harusini, na hajashuka hata siku moja. Likizo hii nilipotoka Dar na binti yangu wa miaka tisa nikaamua: na Bibi naye atatembea.

"Yaani unilipie nauli nikatazame popo?" akauliza. Lakini asubuhi tukamkuta ameshavaa baibui lile la Idi, anatusubiri barazani.

Amboni si mbali, kama kilomita nane kutoka mjini. Bajaji inaiacha lami ya Mombasa, inaingia vumbini kuelekea Kiomoni, karibu na mto Mkulumuzi. Mapango yako kumi, wageni wanaingizwa moja tu, nalo linatosha. Jiwe ni la chokaa, la miaka milioni 150 hivi, maji yamelila taratibu mpaka likawa vyumba. Nendeni asubuhi, na viatu vya kufunika vidole. Mimi nilikwenda na ndala, najua ninachosema.

Mama akaishia mlangoni. Ndani kuna mahali pa mzimu, Mzimu wa Mabavu, watu mpaka leo wanapeleka marashi na sarafu na kuomba shida zao. "Mimi napasikia hapa tangu mdogo," akasema. "Ingieni, mkirudi mtanikuta." Akatandika khanga juu ya jiwe, akakaa.

Tukaingia. Joto, harufu ya mavi ya popo, tochi ya mwongozaji inayopigwa makofi ili iwake. Mahali pengine unatambaa kwa magoti. Binti alipita kama panya, mimi nikakwama kiunoni na mwongozaji, Mungu amlipe, akajifanya anatazama dari. Kila jiwe lina jina: huyu tembo, hii meli, hili kochi. "Hilo si tembo," binti akawa anakataa kila mara. Hadithi ya mbwa aliyeingia humu akaja kutokea Kilimanjaro ndiyo pekee aliyoipokea bila maswali.

Tuliambiwa pia habari za Osale Otango, aliyekuwa akisakwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950 na kujificha humu. Tulipotoka nikamhadithia Mama. Akacheka. "Osale? Sisi tukikataa kulala tulikuwa tunaambiwa anakuja."

Mjini sikukaa sana. Mnara wa saa na boma la Wajerumani ni vya kupita kwa miguu nusu saa, jua likiwa dogo. Makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliopigana hapa Tanga 1914, nayo yapo, na kisa chake Mama anakijua vizuri kuliko mabango: Waingereza walishusha jeshi la watu kama 8,000, wengi wao Wahindi, Wajerumani na askari wao hawafiki hata robo yake, na bado Waingereza wakarudi melini. Katikati ya risasi nyuki wakatoka mizingani wakauma pande zote mbili. Kwa Mama, nyuki ndio walioshinda.

Tongoni sasa. Ni kusini, barabara ya Pangani, kilomita 17 hivi. Tulipata pancha njiani, tukanywa madafu mpaka dereva akamaliza kuziba. Jina lenyewe linajieleza: tongo ni mahame, mahali palipohamwa. (Binti alilijua tongo la jichoni tu.) Kuna msikiti wa karne ya 15 usio na paa, kibla bado kinaonekana, na makaburi kama 40 yamesongamana kuuzunguka, mengine ya nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka, zimelala kwenye majani kama minazi iliyokatwa. Nyuma yake mikoko, halafu bahari. Huko kwenye mafungu ya mchanga ndiko Vasco da Gama alikoichoma moto meli yake moja, São Rafael, Januari 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Hapo Mama hakuhitaji mwongozaji. Aliupapasa ukuta, akaukwangua kwa ukucha, akaonja. Ndiyo, akaonja. "Chokaa ya kuchoma hii." Babu yake alikuwa mchoma chokaa, sikuwa najua. Akamweleza mjukuu: unapanga magogo duara, juu yake unarundika matumbawe, unawasha, moto unakesha. Mawe yakishaiva unayaacha nje yapigwe na umande na mvua miezi kadhaa, yanajifumukia yenyewe yanakuwa laini kama unga. Ukiwa na haraka ukajengea chokaa changa, ukuta unapasuka. "Hawa hawakuwa na haraka," akasema, mkono bado uko ukutani.

Binti alikuwa ameona vishimo vya duara kwenye kaburi moja, akawa anazungusha kidole ndani. Vilikuwa vya bakuli za Kichina, zilipachikwa kama pambo. Zimeng'olewa zamani.

"Nani alichukua?"

"Mimi sikuwepo," Mama akamjibu. Akasimama pembeni, akainua mikono akawasomea Fatiha, kwa sauti ya chini, ndefu kuliko nilivyotegemea. Tukamsubiri kwenye kivuli.

Kwenye bajaji nilidhani amesinzia. Tulipokaribia mjini akamgusa dereva begani.

"Mwanangu, na Pangani ni shilingi ngapi?"