Toronto hadi Kigoma, kwa kuzungukia Dar

Desemba ikikaribia, watu wa kwetu tulioko Kanada huanza kuulizana: Toronto mpaka Kigoma ni masaa mangapi? Ramani ina jibu tamu. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 11,900, na kwa ndege inayokata kilomita 900 kwa saa ni masaa 13 na ushee. Unalala, unaamka, unakula migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika.

Sasa hiyo ndege haipo. Na kinachoniudhi ni kwamba Toronto hadi Dar ni kama kilomita 12,800. Yaani Kigoma iko karibu zaidi na Toronto kuliko Dar, lakini sisi tunapelekwa kwanza pwani tukaione Bahari ya Hindi, halafu tunarudishwa magharibi zaidi ya kilomita 1,000 kulifuata ziwa letu.

Mimi hupitia Addis Ababa. Mpaka hapo ni masaa 12 au 13, Addis–Dar matatu hivi, Dar–Kigoma mawili, na zaidi kama ndege inatua Tabora. Hewani basi ni kama masaa 18. Kinachokula muda ni kusubiri, kwa sababu ndege ya Kigoma si daladala ya Mwanga–Ujiji. Ukiikosa unalala Dar. Ukiweza, kata tiketi moja mpaka mwisho. Ukiwa na mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na nauli imekwenda.

Nilipomweleza mjomba wangu wa Ujiji kwamba nimekuwa njiani siku mbili, alicheka.

“Siku mbili ni treni ya kwenda Dar, mwanangu. Wewe si umetoka Ulaya?”

“Kanada, mjomba.”

“Ni huko huko.”

Na kurudi ni kurefu kuliko kuja. Huko juu upepo huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ndege inayoelekea Amerika inapambana nao uso kwa uso. Tena uwanja wa Addis uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na ndege iliyojaa watu hainyanyuki kirahisi na mafuta ya kufika Toronto. Ndiyo maana mara nyingi hutua Ulaya kujaza. Abiria mnabaki vitini, na mimi mawazo yote yako kwenye kidumu cha mawese nilichokizungushia selotepu na mifuko mitatu, kipo chini kwenye mizigo pamoja na suti ya watu.

Wapo wanaokwepa Dar kabisa: Addis, Bujumbura, kisha gari mpaka mpakani Manyovu, na kutoka hapo ni kama kilomita 60 za lami kuingia Kigoma. Safari ijayo nataka kupita huko. Aliyepita karibuni anieleze nauli za magari, na kama mpaka unafungwa jioni.