Stakabadhi Katika Kitabu cha Nyimbo

Mwaka 1998, nikiwa katibu wa Umoja wa Akina Mama katika kanisa letu la Kianglikana mkoani Dodoma, nilimtilia shaka rafiki yangu wa tangu utotoni, aliyekuwa mweka hazina, kwa sababu shilingi 12,000 za rambirambi hazikuonekana katika hesabu. Sikumwuliza. Niliwaambia akina mama watatu bombani, na baada ya wiki mbili, nilipokuwa nikitafuta wimbo wa ibada ya jioni, stakabadhi ya sanda iliyonunuliwa kwa fedha hizo ikadondoka kutoka katika kitabu changu mwenyewe, ile ile aliyonikabidhi siku ya msiba.

Katika ushirika wetu wa uamsho mtu hutubu mbele ya wapendwa, na jambo hilo tunaliita kutembea nuruni. Wazee wetu walitufundisha kuukumbuka mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, walipokutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakaomba na kusoma Biblia pamoja katika enzi ambayo Mwafrika na Mzungu hawakuzoea kufunuliana mioyo. Mimi naamini kwamba uamsho ule wa Afrika Mashariki, uliochipuka katika kukutana huko, ulikuwa urafiki kabla haujawa mahubiri.

Alhamisi hiyo nilisimama nikakiri. Wapendwa waliimba, tukakumbatiana, nami nikadhani yamekwisha. Mwenzangu aliniambia tu, "Kesho njoo, dada, tumenye karanga."

Tuliketi mkekani, ungo ukiwa katikati yetu, vidole vikiwa vyekundu kwa udongo uliogandamana na maganda. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Bwana aliposema, 'Ninyi nimewaita rafiki,' alitoa na sababu yake: 'Kwa kuwa yote niliyoyasikia kwa Baba yangu nimewaarifu.' Wewe uliwaarifu watu wa bombani. Mimi ukaniacha kama mtumwa, asiyejua atendalo bwana wake."

Aya hiyo ya Yohana 15 nilikuwa naijua kwa moyo tangu kipaimara, na siku zote niliipokea kama heshima tuliyopewa. Neno "nimewaarifu" nilikuwa nikilipita mbio. Nililia pale mkekani kuliko nilivyolia kanisani, kwa maana mbele ya ushirika nilikuwa nimetubu usengenyaji, nikasahau kutubu ukimya.

Aliniacha nilie. Halafu akaingia ndani, akarudi na daftari la michango, akaniwekea mapajani juu ya maganda ya karanga.

"Haya, dada, uliza," akasema. "Nimekungoja wiki mbili."

Tulianza na ukurasa wa kwanza.