Mkoko Pake Ni Wapi

Neno "mazingira" tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Tunalitumia kwa taka za sokoni, kwa mvua zilizochelewa, hata kwa hali ya darasa, kisha tunalichukua hilohilo kumaanisha ikolojia, ilhali hayo ni mambo mawili. Mazingira ni vyote vinavyomzunguka kiumbe. Ikolojia ni elimu inayochunguza jinsi viumbe wanavyohusiana wao kwa wao, na jinsi wanavyohusiana na hayo yanayowazunguka. Jina lake lilibuniwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Mimi tofauti hiyo niliielewa kwa aibu, nikiwa nimezama topeni hadi magotini.

Nilikuwa bado mwanafunzi, pwani ya kusini ya Kenya, wafadhili fulani walipotuchukua kwenda kupanda mikoko. Tulichomeka vipando vyetu kwenye uwanja wa tope ulioachwa wazi na maji ya bamvua yalipopwa, mbali kabisa upande wa bahari, kwa sababu huko palikuwa na nafasi na hapakuwa na mti wa kutuzuia. Mjomba wangu, aliyekata boriti tangu ujana wake, alikuwa akirudi kutega kaa. Alisimama, akatutazama kwa muda, akaniambia, "Mjomba, mkoko hapo si pake. Hapo ni pa mlilana." Nilicheka. Kabla ya mwaka kwisha hapakusalia kipando hata kimoja.

Sisi watu wa shule tunaposema "mikoko" tunakusanya miti yote iotayo kwenye maji ya chumvi, ambayo Kenya ina spishi tisa. Kwa mjomba, mkoko ni mti mmoja tu, ule ambao wataalamu huuita Rhizophora mucronata, wenye mizizi iliyojitanua kama miguu ya buibui. Mingine ina majina yake: mlilana, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi. Tena ina mpangilio. Mlilana husimama mbele, mawimbi yanapopiga. Nyuma yake huja mkoko, kisha msinzi na mkandaa, na mchu hupatikana zaidi nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, ingawa huonekana pia kule mbele.

Vitabu vya shule vina neno "makazi", yaani mahali anapoishi kiumbe, nalo linatosha tukisema kwamba makazi ya mkoko ni tope la pwani. Lakini makazi ya mlilana nayo ni tope hilohilo. Kinachoitenga miti hii ni muda ambao mizizi yake huvumilia kufunikwa na maji, kiasi cha chumvi, nguvu ya mawimbi, na majirani inaogombania nao mwanga. Wanaikolojia wana istilahi maalumu kwa jumla ya masharti hayo, kwa Kiingereza "niche", na wanaoitafsiri kwa Kiswahili huishia kwenye maelezo marefu. Nadhani mjomba alikuwa na neno fupi zaidi: pake.

Chukua mchu. Ulambe mgongo wa jani lake asubuhi, utaonja chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa nje kupitia majani, wakati mkoko huizuia nyingi mlangoni, kwenye mizizi. Tope lenyewe halina hewa, ndiyo maana hunuka kama yai viza, na ndiyo maana mchu huchomoza mizizi ya kupumua iliyosimama kama penseli. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposhusha mashapo mengi katika hori ya Mwache, Mombasa, mizizi ilifukiwa na mikoko mingi ikafa imesimama. Hapo utaona kwa nini Mwingereza Arthur Tansley, mwaka 1935, aliona haja ya neno ambalo sasa tunaliita mfumo ikolojia: viumbe hai pamoja na tope, chumvi, maji na hewa, vikihesabiwa kuwa kitu kimoja.

Mnyororo wa chakula tulifundishwa kwa nyasi, swala na simba. Mikokoni huo haukufikishi mbali, kwa sababu sehemu kubwa ya majani hailiwi yakiwa mabichi. Keti kimya maji yakiwa yamepwa: jani la manjano linaanguka, kaa mdogo anatoka shimoni, analikamata kwa magando na kuliburuta kinyumenyume hadi ndani. Yanayobaki huozeshwa na bakteria na kuvu, kamba hula uozo huo, samaki wakala kamba, na ndege wakala samaki. Huo ni utando zaidi kuliko mnyororo, na unaanzia kwenye kuoza.

Mjomba alikuwa na msamiati mwingine ambao sikuuona kitabuni: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ni madaraja ya unene, yaliyopangwa kwa biashara iliyojaza majahazi ya kwenda Uarabuni hadi Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji huo mwaka 1982. Ni msamiati sahihi sana, ila unautaja mti kwa kazi utakayoifanya ukishakufa. Yale maneno ya ikolojia niliyahitaji kwa ajili ya shughuli zake ungali hai.

Aprili iliyopita nilirudi kwenye uwanja ule. Imeota mililana saba, hakuna aliyeipanda, na katikati ya mizizi yake tope limeinuka hata mguu hauzami tena kama zamani. Mjomba anasema mkoko utafika hapo wenyewe, ila si katika umri wake.