Phyllidia varicosa na wenzake: jibu liko kwenye unyayo

Anayezamia kwenye matumbawe ya mwambao wetu, hatakawia kukutana na koa wa bahari mwenye mgongo wa buluu na nyeusi uliojaa vinundu vya njano. Picha yake ikipandishwa mtandaoni, jina linalobandikwa ni Phyllidia varicosa. Mara nyingi ndiye. Ila picha ya mgongo peke yake haitoshi kumthibitisha, na wanaofanana naye si mmoja wala wawili.

Tuanze na mwenyewe. Mwanasayansi Mfaransa Lamarck ndiye aliyempa jina, mwaka 1801. Mgongoni ana matuta ya urefu, matatu hadi sita, ya buluu inayoelekea kijivu. Juu ya matuta hayo vimejipanga vinundu vyenye vilele vya njano iliyokolea, na kati ya tuta na tuta kuna bonde jeusi. Vipembe vyake viwili vya kunusia ni vya njano. Usitafute shada la matamvua mgongoni kama la akina Chromodoris, makoa wengine wa bahari, hana. Matamvua yake yamejificha chini ya ukingo wa joho, yaani ngozi inayofunika mgongo, kando ya unyayo, upande wa chini anaotembelea. Mkubwa kabisa hupita kidogo sentimita 11, lakini usimpime kwa urefu, maana kila mkubwa alianza mdogo. Sasa mtazame chini: katikati ya unyayo, kutoka mbele hadi nyuma, umepita mstari mweusi. Huo ndio wa kushika.

Anayechanganywa naye zaidi ni Phyllidia coelestis, aliyeelezwa na Bergh mwaka 1905. Rangi ni zilezile, vipembe vya njano vilevile. Buluu yake huwa nyepesi na safi zaidi, na kwa mbele weusi huchora umbo la herufi Y. Katikati ya mgongo, vinundu vikubwa vya njano huchomoza penye weusi wenyewe. Alama hizi za mgongoni husaidia, lakini hutofautiana kwa kila mnyama, na kwa wadogo hazijakamilika. Unyayo wake hauna mstari. Hapo ubishi unakwisha.

Phyllidia elegans ana mstari kwenye unyayo, kwa hiyo kwake rudi mgongoni: rangi ya msingi ya mgongo ni nyeupe inayoelekea waridi au kijivu, na ndani ya mabonde mna madoa meusi yaliyojitenga. Phyllidiella pustulosa naye ana vinundu vya waridi vilivyokusanyika mafungu mafungu juu ya weusi, na vipembe vyake ni vyeusi, hasa kwenye ncha. Mwenye vipembe vyeusi si varicosa. Mtego wake ni mwanga: ukipiga picha kwenye kina bila taa, waridi hupotea na kuonekana kijivu au buluu hafifu. Washa tochi au flashi kila mara, hata saa sita mchana.

Wapo pia ambao tundu la haja liko chini, nyuma ya unyayo. Zamani waliwekwa kwenye jenasi yao, Fryeria, hadi mwaka 1999 wanasayansi Valdés na Gosliner walipoiunganisha na Phyllidia. Kwa varicosa tundu hilo liko juu, katikati ya mgongo karibu na mkia. Hiyo ndiyo sababu ya kupiga picha ya mkia kwa karibu.

Wengine si makoa hata kidogo. Mtoto wa jongoo bahari Pearsonothuria graeffei huvaa rangi za varicosa, lakini mwili wake ni wa mviringo kama soseji na hana vipembe. Mnyoo bapa Pseudoceros imitatus humwiga Phyllidiella pustulosa; yeye ni mwembamba kama jani, na ukingo wake hujikunjakunja anapotembea.

Kuupata unyayo kunataka subira. Usimbandue kwa vidole, kwa sababu hushika jiwe kwa nguvu na nyama ya unyayo huchanika. Ukiwa unazamia, msubiri afike kwenye ukingo wa jiwe, kisha ingiza kioo kidogo chenye mpini, kama kile cha daktari wa meno. Kwenye vidimbwi wakati wa bamvua, tumia kisanduku cha plastiki angavu chenye kitako bapa. Kijaze maji ya kidimbwi hichohicho, laza kipande laini cha plastiki mbele yake apande mwenyewe, mshushe ndani, ngoja atulie atembee, kisha piga picha kwa chini. Dakika mbili zinatosha. Maji machache juani hupata joto upesi. Mrudishe kwenye jiwe lilelile, na ndani ya hifadhi usimwinue kabisa.

Awe peke yake kisandukuni. Koa huyu hana taya wala meno. Hufyonza sifongo, na sumu ya sifongo huihifadhi mwilini mwake. Mwaka 1963 iliandikwa kwamba samaki na jamii ya kamba waliowekwa naye kwenye maji mamoja walikufa. Mwaka 1975 wanakemia walichambua kiini cha sumu hiyo kutoka kwa varicosa wa Hawaii, wakakiita 9-isocyanopupukeanane. Ukimtia ndoo moja na vidagaa, utarudisha baharini vidagaa waliokufa.

Usitegemee kumhifadhi kwenye spiriti ili umtazame baadaye, kwa sababu njano hufifia. Maelezo ya makoa wa Zanzibar aliyoandika Sir Charles Eliot mwanzoni mwa miaka ya 1900 yana thamani kubwa, lakini kwa mnyama aliyekaa chupani, rangi ni ushahidi dhaifu.

Piga picha nne: mgongo mzima kwa juu, vipembe, mkia, unyayo. Ukiikosa ya unyayo na mgongo haujajitosheleza, andika Phyllidia sp., yaani Phyllidia ambaye spishi yake haijathibitishwa, pamoja na kina, urefu kwa milimita na aina ya sifongo aliyokuwa juu yake.