Kutoka Lyon hadi La Ciotat, nikifuata kamera ya Louis Lumière

Ukitoka katika kituo cha metro cha Monplaisir-Lumière mjini Lyon, jumba la fahari la familia ya Lumière linakukabili papo hapo, na ni rahisi kudhani kwamba ndilo lililokuleta. Lilijengwa kati ya 1899 na 1902 kwa matakwa ya Antoine, baba aliyependa makuu wa Louis, mmoja wa waanzilishi wa sinema, kwa fedha iliyotokana na vioo vya kupigia picha vilivyotengenezwa katika kiwanda cha familia. Leo ni makumbusho ya Taasisi ya Lumière. Vyumba vyake nilivipita haraka, nikatulia mbele ya mashine yenyewe, kamera ya filamu iitwayo sinematografu: kisanduku cha mbao kilichozungushwa kwa mkono, ambacho kilipiga picha, kikatoa nakala zake, kisha kikazionyesha ukutani. Mkanda wake ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi, kwa hiyo filamu moja ilidumu takriban sekunde 50. Kipimo hicho nilikibeba kichwani safari yote, kwa sababu mwongozaji mwenye sekunde 50 na kamera isiyosogea ana mambo machache sana ya kuamua, na makubwa kati ya hayo ni mahali pa kuisimamisha na wakati wa kuanza kuzungusha mkono.

Nyuma ya jumba hilo inapita rue du Premier-Film, yaani barabara iliyopewa jina kwa heshima ya filamu ya kwanza, na kando yake limehifadhiwa banda la kiwanda ambalo sasa limegeuzwa kuwa ukumbi wa sinema. Hapo, mwezi Machi 1895, Louis aliwapiga picha wafanyakazi wakitoka kazini, wengi wao wanawake waliovaa kofia na sketi ndefu. Yamebaki matoleo matatu ya tukio hilo, na wajuzi huyatofautisha kwa farasi: katika moja gari linavutwa na farasi mmoja, katika jingine na wawili, na katika la tatu hakuna gari wala farasi. Nilipoyatazama mfululizo, kisha nikaenda kusimama upande wa pili wa barabara mkabala na banda, nilianza kuwa na shaka na sifa anayopewa siku zote, kwamba alikuwa mwenye kiwanda aliyenasa tu maisha yalivyokuwa. Watu wanatoka langoni wakigawanyika kushoto na kulia, wala hakuna anayeijia kamera moja kwa moja. Mtu hawapi wafanyakazi wake kazi ya kutoka kazini mara tatu kama hana sura fulani anayoitafuta.

Nilipita pia Place des Cordeliers, katikati ya mji, aliyoipiga picha mwaka huohuo. Filamu hiyo ya magari ya farasi na wapita njia ilikuwa miongoni mwa kumi zilizoonyeshwa Paris tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha Grand Café, ambako watazamaji 33 walilipa kiingilio cha faranga moja. Siku hizi ni mabasi na watu wenye haraka. Sikupata cha kunikalisha.

Kesho yake nilipanda treni ya kasi hadi Marseille, na huko nikabadili na kuingia treni ya kawaida inayofuata pwani kuelekea Toulon. Nilitaka kuingia La Ciotat kwa reli, kwa sababu ni kwenye stesheni ya mji huo Louis alipopiga filamu yake maarufu ya treni ikiwasili. Stesheni iko mbali na mji, na watu wachache tulioshuka tulijikuta kwenye jukwaa lenye jua kali. Nilisogea karibu na ukingo hadi nikaona reli zikikatiza mbele yangu mshazari, kama zinavyoonekana katika filamu ile. Treni ya Lumière inaanzia mbali ikiwa nukta, inakua, kisha kichwa chake kinapita upande wa kushoto wa picha huku abiria wakibaki upande wa kulia. Kisha milango ya mabehewa inafunguliwa na watu wanatupita kwa karibu, wakiwamo jamaa wa familia yake. Kwa hiyo katika sekunde hizo 50, bila kamera kusogezwa hata inchi, tunapata picha ya mbali, ya wastani na ya karibu. Angeiweka kamera mkabala na mabehewa, tungeona ukuta wa chuma ukipita basi.

Kisa kinachopendwa kusimuliwa, kwamba watazamaji wa Grand Café walikimbia wakidhani treni itawaponda, hakisimami, kwani filamu hiyo haikuwamo kabisa katika orodha ya siku ile.

Mjini niliuona kwa nje ukumbi wa Éden, uliofunguliwa 1889 na kurejeshewa uhai mwaka 2013, kisha nikashuka bandarini. Katika maji ya mji huu Louis alipiga filamu ninayoipenda kuliko zote: mashua yenye wanaume watatu inatoka bandarini, na juu ya gati wanasimama wanawake na watoto wakiitazama. Kila kitu kimepangwa kwa uangalifu uleule wa stesheni, mashua ikikatiza picha kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kisha, inapofika nje ya kinga ya gati, wimbi linaisukuma ubavuni, wapiga makasia wanahangaika kuinyoosha, na mkanda unakwisha kabla hatujajua kama walifaulu. Angeweza kungoja bahari itulie na kuirudia, kama alivyorudia lango la kiwanda. Ninaamini aliiacha hivyo kwa makusudi, akiwa ametambua kwamba wimbi hilo lilikuwa limempa kitu ambacho asingeweza kukiagiza.