Siku moja maishani mwangu: mama mwenye nyumba wa Segerea

Watu wakinisikia nasema kazi yangu ni kupangisha nyumba wanadhani nakaa kibarazani nasubiri mwisho wa mwezi. Basi ngoja niwasimulie Jumamosi moja ya mwezi huu ilivyokwenda, kama una vyumba viwili vitatu au ndo kwanza unapandisha tofali utaokota chochote humu. Mi nina vyumba Segerea hapa Dar, vinne ni chumba na sebule masta, vinne ni chumba kimoja choo cha kushea, na fremu mbili upande wa barabarani. Mwenyewe nakaa Kinyerezi.

Saa 11 alfajiri

Nikishaswali nafungua daftari kabla sijashika simu. Kila chumba kina ukurasa wake: jina la mpangaji, namba ya NIDA, mkataba umeanza lini unaisha lini, kalipa kiasi gani, nini kimetengenezwa na kwa shilingi ngapi. Leo nikaona namba 5 amebakiza mwezi mmoja, nikamwandikia hapohapo, "Habari za asubuhi mwanangu, mkataba wako unaisha mwezi ujao tarehe kama ya leo, utaendelea au umepata sehemu nyingine?" Nauliza mwezi mzima kabla maana akisema anahama naanza kutafuta mtu mapema, chumba kisilale.

Nikwambie kitu, chumba kilicholala ndo hasara kubwa kwenye hii kazi kuliko hata bati kuvuja. Chumba cha 80,000 kikikaa miezi miwili bila mtu ushapoteza 160,000 na hairudi tena, halafu unakuta mwenye nyumba huyohuyo aligoma kubadilisha koki ya 12,000 mpaka mpangaji akachoka akaondoka.

Saa 1 asubuhi

Meseji kutoka namba 2, choo chake kimelia usiku kucha maji yanapita tu hayakati. Nikampigia fundi bomba wangu nikiwa bado nina kikombe cha chai mkononi. Mambo ya maji na umeme kwangu hayalali, yanashughulikiwa siku hiyohiyo, hayo mengine kama rangi na mlango kukwaruza tunaweza kupangiana siku. Nilishawahi kupuuzia bomba linalovuja chini ya sakafu, wapangaji waliniambia mara mbili kwamba ule ukuta una unyevu nikasema ni mvua, bili ya maji ikaja mara nne ya kawaida na ukuta wenyewe nikaupiga plasta upya. Tangu siku hiyo mpangaji akiniambia kitu naamini kwanza naenda kuangalia.

Saa 3

Nimefika Segerea. Ilikuwa floti ya tangi la choo imekufa, fundi kabadilisha kwa dakika ishirini, vifaa na ufundi 20,000, risiti ya dukani nikaipiga picha. Nikapanda kuchungulia na mifereji ya bati, mi kazi hiyo naifanya kabla ya masika na kabla ya vuli, majani yakijaa mle maji yanarudi ndani yanaharibu dari la mtu, kitanda cha mtu, na uhusiano wenu wote.

Saa 4 na nusu

Namba 7 anahama leo. Kijana mwalimu, kakaa miaka mitatu, kahamishiwa Dodoma. Tukazunguka chumba wote wawili na ile karatasi tuliyosaini siku anaingia: vioo vya dirisha sita, soketi nne, taa mbili, sinki zima, funguo mbili, na picha nilizopiga siku ile ziko kwenye simu. Kioo kimoja kimepasuka, akasema mwenyewe, "Mama hicho ni mimi, nikate tu." Nikakata 15,000 kwenye dipoziti yake, iliyobaki nikamrudishia palepale kabla gari la mizigo halijaondoka. Wenzangu wengi wanaila ile hela wanasema keshaondoka huyo atafanya nini, jamani hiyo ni hela ya mtu sio yako, na huyo mwalimu ndo ataniletea mwalimu mwenzie bila dalali.

Alivyotoka tu nikamwita fundi abadilishe kitasa. Hii kitu msiifanyie ubahili. Funguo hata ukirudishiwa zote hujui zilichongeshwa ngapi, na mwaka fulani chumba changu kimoja kiliingiwa bila mlango kuvunjwa, mpangaji mpya kaibiwa TV wiki ya pili tu, sikuwa na jibu la kumpa nikabaki naona aibu, nikamlipia nusu ya hiyo TV.

Saa 6 mchana

Dalali kaja na watu wawili kuona hicho chumba. Dalali namuheshimu, ni kazi yake na kodi yake ya mwezi mmoja atapata kwa mpangaji, ila nilishamwambia kwangu asimtoze mtu hela ya kuonyeshwa tu, mtu anazunguka vyumba kumi kila mlango 10,000 hajapata hata pa kulala, hapana.

Mi siangalii mtu kavaa nini. Nauliza alikuwa anakaa wapi, kwa nini anahama, watakaa wangapi, anafanya kazi gani, halafu naomba namba ya mwenye nyumba wake wa zamani na nampigia kweli. Maana nilishaumia. Alikuja bwana mmoja akaniwekea kodi ya mwaka mzima mezani, mi nikafurahi sikuuliza kitu, kumbe kanipangishia chumba changu kwa watu wengine watatu kwa bei ya juu na yeye hakulala pale hata siku moja. Kuwatoa ikachukua miezi, na wale watatu walikuwa hawana kosa, wote wameshamlipa. Kwa hiyo siku hizi mkataba wangu una kipengele kabisa kwamba hakuna kumpangisha mtu mwingine, na mpangaji mpya nampeleka serikali ya mtaa aandikishwe, mjumbe amjue sura.

Kati ya wale wawili mmoja majibu yake yalinyooka, dada anashona nguo hapo sokoni. Nikamwambia nampigia mwenye nyumba wake kwanza, jioni ntampa jibu.

Saa 8

Nimepita kwenye fremu. Yule mwenye duka la dawa ana kampuni iliyosajiliwa, kwa hiyo akinilipa anakata asilimia 10 ya kodi ya pango anapeleka TRA, wale wa mamlaka ya mapato, halafu ananipa cheti cha kodi ya zuio, na hicho cheti nakitunza kama hela kwa sababu ndo ushahidi wangu kwamba kodi ya serikali imeshalipwa. Msikubali kukatwa tu bila cheti. Na lile suala la kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, ile ni ya mwenye jengo sio ya mpangaji, yeye anaponunua umeme anakulipia wewe. Mi ikikatwa kwenye mita ya mpangaji naandika na nampunguzia kwenye kodi ya pango inayofuata. Ni hela ndogo lakini watu wanaiona.

Saa 10 jioni

Hii ndo saa sikuipenda. Namba 3, mama anayeuza chakula, kodi imepita wiki tano. Nikaenda mwenyewe, sikutuma mtu, nikakaa kwenye kigoda tukaongea. Akaniambia, "Dada sikufichi, site niliyokuwa nawapikia mafundi imesimama, sina." Nikamuuliza unaweza nini, sio lini utalipa yote. Tukakubaliana 20,000 kila Jumamosi mpaka deni liishe, tukaandika, kasaini yeye na mimi na jirani kashuhudia.

Najua wapo wanaong'oa mlango au kukata umeme ili mtu aondoke. Msifanye hivyo ndugu zangu. Kwanza ni ukatili, mle kuna watoto, pili ukitoa vyombo vya mtu nje kwa mkono wako kesi inageuka, aliyekuwa anadaiwa anakuwa yeye ndo mlalamikaji. Mtu akigoma kabisa mpe notisi ya maandishi, pitia serikali ya mtaa, ikishindikana kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kitakachokubeba ni mkataba na lile daftari. Na ukimuona mtu kashachelewa wiki moja nenda, usingoje miezi mitatu ipite ndo uende na hasira, deni la miezi mitatu mtu wa kipato kile halipi, anatoroka usiku.

Saa 1 usiku

Nimerudi Kinyerezi miguu inauma. Nimempigia yule mwenye nyumba wa zamani wa dada fundi cherehani, kasema analipa vizuri ila ana wageni wengi mwisho wa wiki. Wageni sio kosa, nikampigia nikamwambia karibu, Jumatano aje tusaini, na umeme wake una mita yake peke yake. Zamani walikuwa wanachangia mita moja watu wanne, kila jioni ugomvi nani ana friji nani anapiga pasi, nikajikusanya nikaweka sabmita, mita ndogo, kila chumba na kelele zikaisha.

Kisha hesabu. Kwenye kila kodi inayoingia natoa asilimia 10 naiweka kwenye laini nyingine ya simu ambayo siigusi, ya ukarabati. Leo imetoka ya floti na kitasa, na mwezi ujao lazima niite gari la kunyonya maji taka, shimo limekaribia.

Saa 3

Namba 5 kajibu. "Mama naendelea, ila wavu wa dirisha la chumbani umechanika mbu wanaingia." Nimeandika: namba 5, wavu, Jumatatu.