Dola milioni 128, na watu wanasoma maandishi chini

Washkaji zangu wa banda umiza hawakuipenda Crouching Tiger, Hidden Dragon, filamu ya mapigano ya Kichina. "Maneno mengi, ngumi kiduchu," walilalamika. Kweli, pambano la kwanza linachelewa, lakini kwangu hii ndiyo kiboko yao.

Mwongozaji Ang Lee aliitengeneza kwa takriban dola milioni 17. Ilitoka mwaka 2000, ikaingiza dola milioni 128 Marekani peke yake, kwa watu wasiopenda kusoma maandishi chini ya picha! Kwa zaidi ya miaka 20 hakukuwa na filamu ya kigeni, isiyo ya Kiingereza, iliyoipita huko. Ikabeba na Oscar nne.

Naamini njia ilikuwa imeshafunguliwa. Yuen Woo-ping, aliyepanga mapigano yake, ndiye aliyepanga ya The Matrix, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1999, kwa hiyo macho ya Wamarekani yalishazoea waigizaji kuruka hewani wakiwa wamefungwa waya. Halafu kuna mwigizaji Michelle Yeoh, aliyeumia goti wakati wa kurekodi akarudi kazini. Lile pambano lake la silaha chungu nzima dhidi ya Zhang Ziyi narudisha nyuma kila mara.

Jumapili naiweka tena. Atakayeuliza "wanapigana saa ngapi?" ananunua soda.